Ukuta wa Bibi: Tulivyoikarabati Nyumba ya Udongo Majengo, Pumwani

Msomaji wa pwani akiingia katika nyumba kongwe ya Majengo, Pumwani, mjini Nairobi, hataona ugeni. Atapita barazani, atashika ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, na mwisho wake atatokea uani, penye jiko na choo. Ni nyumba ile ile ya Kiswahili aliyoizoea Mombasa, iliyopanda bara pamoja na watu walioifuata reli. Kuta zake ni nguzo za miti, fito na udongo. Paa sasa ni la mabati, ingawa wazee wanayakumbuka madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa.

Nyumba yetu ilijengwa na mama yake Bibi. Alikuwa akikaa Pangani, na kijiji hicho kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, baadhi ya waliohamishwa walipelekwa Shauri Moyo. Yeye akaja Majengo, akajenga vyumba sita, akapangisha vitano. Hakuwa peke yake. Wanawake wengi wa Pumwani walimiliki nyumba zao. Walimiliki nyumba, si kiwanja, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya mji. Hiyo ni sababu mojawapo ya udongo kudumu huko miaka mingi: nani ataweka mawe ya maisha juu ya ardhi asiyo na hati yake?

Miaka mitatu iliyopita tuliona aibu na ule udongo. Tukapiga plasta ya saruji ndani na nje, tukapaka rangi ya mafuta, chumba cha Bibi kikang'aa. Wageni wa Idi walitusifu. Bibi alisema neno moja tu: "Nyumba hii yataka hewa, wanangu." Tukamwambia dirisha lipo.

Masika ya pili, ukuta ulivimba nyuma ya kitanda. Tukadhani ni rangi mbovu. Alfajiri moja kipande cha plasta, kikubwa kama ubao wa mlango, kilianguka juu ya godoro. Bibi alikuwa uani akitia udhu. Hadi leo hatupendi kulizungumza jambo hilo mbele yake.

Fundi mzee wa jirani alikuja, akaugonga ukuta kwa vidole kama agongaye mlango, akasikiliza. Alipoibandua plasta iliyobaki, udongo ulikuwa umelowa kama wa kufinyangia, nguzo mbili zimeoza chini, na mchwa wamekwisha kufanya mji wao. Alitueleza bila kutulaumu. Unyevu hupanda kutoka ardhini, na ukuta wa udongo huutoa polepole kupitia usoni mwake. Saruji na rangi ya mafuta huufungia ndani. Mti ukikaa na maji huoza, na mchwa huupenda mti uliolowa.

Hapo ndipo mashauri yalipoanza. Ami alitaka nyumba ibomolewe, ijengwe ghorofa kama zilizoizunguka, na hoja yake haikuwa ndogo: kodi ya ghorofa ni kubwa, na warithi ni wengi. Lakini ghorofa ilihitaji hati na fedha tusizokuwa nazo, na wapangaji wetu watano wangehamia wapi? Khala aliuliza hayo kwa upole. Bibi hakuuliza. Alisema, "Mama alivunjiwa Pangani. Mimi sivunji kwa mkono wangu." Baraza likamalizika.

Tulianza na chumba chake, kisha kimoja kimoja, kila mpangaji akihamia kwa muda chumba kilichokwisha. Saruji yote ilibanduliwa, kazi ya vumbi isiyomfaa mwenye pumu. Dari likategemezwa kwa magogo kabla ya nguzo mbovu kuondolewa, na mahali pake zikaingia nguzo za mkalitusi zilizotiwa dawa ya mchwa kiwandani. Watu wengi hupaka oili chafu ya magari. Fundi aliikataa kwa nyumba ya kulala, kwa harufu yake na sumu yake.

Udongo mwekundu ulichanganywa na nyasi zilizokatwa, ukakanyagwa, ukaachwa siku kadhaa, ukakanyagwa tena. Tulikandika kwa mikono, watoto wakifurahi kuliko watu wazima. Ulipokauka na kupasuka, nyufa zikazibwa, kisha ikaja plasta ya chokaa na mchanga, tabaka nyembamba juu ya tabaka, kila moja ikinyunyiziwa maji isikauke kwa pupa. Hapa subira yetu iliisha mara nyingi. Saruji hukupa ukuta kwa siku moja. Chokaa ilitudai majuma. Juu yake tulipaka chokaa nyeupe.

Dari la zamani lilikuwa gunia lililopakwa chokaa, makao ya panya. Tuliweka mbao za saiprasi na kuacha upenyo wa hewa chini ya bati. Ukumbini bati moja lilibadilishwa kwa la plastiki lipitishalo nuru, na taa ya mchana haihitajiki tena. Nyaya za umeme zilizokuwa zimeungwa kwa gundi ya karatasi, chumba hadi chumba, zilitolewa zote na fundi mwenye leseni. Hilo ndilo tungelifanya kwanza kama tungeanza upya, kwani moto katika mtaa uliobanana hauchagui nyumba.

Khala alitaka marumaru sakafuni. Zinapendeza, lakini mzee mwenye miguu iliyolowa maji ya udhu huteleza. Tuliiacha sakafu ya zamani, tukaipaka rangi nyekundu kama zamani.

Bibi amerudi chumbani mwake. Alikagua kila pembe, akauliza ulipo msumari wa kutundikia tasbihi yake, nasi tukaupigilia pale pale. Vyumba vitano vimekamilika. Cha sita, kile cha Ami, bado kina saruji yake. Amesema atakifungua baada ya vuli.