Bahasha ya Mtihani na Ufunguo wa Nuru

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya upili iliyo nje kidogo ya mji wa Wote, huko Makueni. Mada niliyopewa ilikuwa "faida za sayansi", mada pana kama uwanda wa Yatta, ambayo mtu aweza kuizungumzia saa nzima asiseme neno. Kusema kweli, ndivyo nilivyokuwa nimejiandaa kufanya. Kabla sijafika mbali, msichana mmoja aliyeketi dawati la nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, karatasi ya mtihani ikifunguliwa njiani, ikapigwa picha, kisha bahasha ikafungwa vizuri kama ilivyokuwa, sisi tutajuaje?"

Darasa lilinyamaza. Nami nilinyamaza.

Swali hilo si la mzaha katika nchi yetu. Walimu wangali wanaukumbuka mwaka 2015, maswali ya kidato cha nne yalipoenea kwa simu kabla ya watahiniwa kuketi, na jinsi serikali ilivyolivunja baraza la mitihani mnamo Machi 2016. Tangu mwaka huo karatasi huhifadhiwa ndani ya makontena yenye kufuli mbili, na funguo hushikwa na maafisa wawili tofauti. Walimu wakuu wa shule zilizo mbali, kama zile za upande wa Mutomo, hulazimika kurauka gizani ili kuzichukua. Ni mpango wa busara, wala siubezi. Lakini kufuli, askari na lakiri vyote vinapambana na tabia moja ya maandishi: yawe juu ya karatasi au ndani ya tarakilishi, yaweza kunakiliwa bila kuacha alama yoyote.

"Kuna kitu ambacho hakinakiliki," nilimwambia yule binti. Ndipo mada ya faida za sayansi ilipokufa kifo chema, tukaanza kuzungumza juu ya nuru.

Nuru husafiri katika chembe ndogo mno ziitwazo fotoni, na kila fotoni hutetema kuelekea upande fulani: wima, mlalo, au mshazari wa kulia au wa kushoto. Sasa tumchukue Mwende aliyeko Kitui na Mutua aliyeko Wote. Mwende anataka wapate tarakimu za siri, sifuri na moja, ambazo wao wawili tu watazijua. Kwa kila tarakimu hurusha sarafu kuchagua atumie kipimo gani, cha wima na mlalo au cha mshazari, kisha hutuma fotoni moja. Mutua hajui kipimo kilichotumika, basi naye hurusha sarafu yake. Akibahatisha kipimo kilekile, hupata tarakimu sahihi. Akikosea, fotoni humpa jibu lolote lile, na hali yake ya awali hupotea kabisa. Baadaye wawili hao hupigiana simu ya kawaida, hata kama mji mzima unasikiliza, wakaambiana vipimo walivyotumia bila kutaja tarakimu. Zile ambazo vipimo havikulingana hutupwa. Nusu hivi inayobaki ndiyo ufunguo.

Na mdukizi aliyejibanza njiani, tuseme kwenye daraja la mto Athi? Hawezi kuinakili fotoni asiyoijua hali yake. Wanafizikia walilithibitisha jambo hilo mwaka 1982. Lazima aipime, kisha atume nyingine badala yake. Nusu ya nyakati atachagua kipimo kisichofaa, na kila akikosea hivyo, nusu ya tarakimu atakazozipata Mutua zitakuwa kombo. Kwa hivyo robo nzima ya ufunguo huharibika. Mwende na Mutua hutoa tarakimu chache kama kionjo, wakazilinganisha hadharani, kisha wakazitupa. Wakilinganisha 20, mdukizi aliyezigusa zote ana nafasi kama 3 katika 1,000 za kutogunduliwa. Wakilinganisha 40, nafasi hiyo hushuka hadi moja katika 100,000. Mdukizi mjanja aliyegusa fotoni chache tu huacha makosa machache, lakini makosa hayo pia hupimwa. Yakipita kiasi cha asilimia 11, ufunguo wote hutupwa. Yakiwa chini ya hapo, husahihishwa, kisha ufunguo hufupishwa kwa hesabu maalumu hadi kile kidogo alichokiiba kisimfae kitu.

Hapa kijana mmoja alinikatiza. "Lakini Mwalimu, akigunduliwa si ameshaiba?"

Naam, ameshaiba. Lakini ameiba nini? Hili ndilo jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio, nami naliona kuwa moyo wa habari yote. Karatasi ya mtihani ikiibwa, kugundua wizi hakurudishi siri. Mwende hakutuma mtihani. Ametuma tarakimu za kubahatisha zisizo na maana yoyote, nazo hazitumiki mpaka zihakikishwe kuwa safi. Zikiwa chafu, hutupwa na kazi ikaanza upya. Mtihani wenyewe ungali Kitui, haujaondoka. Ufunguo hutangulia, siri hufuata.

Mpango huu ulibuniwa na Charles Bennett na Gilles Brassard, waliousoma mbele ya wataalamu mjini Bangalore, India, mwaka 1984. Jaribio lao la kwanza, mwaka 1989, lilivuka meza tu, kama sentimita 32. Lakini Afrika haikuachwa nyuma kama tunavyodhani: wakati wa Kombe la Dunia mwaka 2010, uwanja wa Moses Mabhida mjini Durban uliunganishwa na kituo cha usalama kwa ufunguo wa namna hii. Na mwaka 2025 wataalamu walitangaza kuwa wamepitisha ufunguo baina ya Beijing na Stellenbosch, Afrika Kusini, umbali wa kilomita 12,900, kwa msaada wa setilaiti ndogo. Ila tuseme lililo kweli: setilaiti hiyo yenyewe iliujua ufunguo, kwa hivyo anayeitumia sharti amwamini mwenye setilaiti.

Baina ya Kitui na Wote ni kama kilomita 60, ndege akiruka moja kwa moja. Katika waya wa kioo wenye urefu huo, fotoni 6 hivi tu kati ya 100 ndizo zitakazofika. Waya ukifuata barabara hadi kilomita 100, itafika moja. Nazo haziwezi kuongezewa nguvu njiani, kwa sababu ileile inayomzuia mdukizi kuzinakili.

Wala nisiwadanganye kwamba chombo hiki hakishindwi. Sheria za maumbile hazidanganyi, lakini mashine ni kazi ya mikono ya watu. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa vipokezi vilivyokuwa vikiuzwa viliweza kupofushwa kwa mwanga mkali, mdukizi akapata ufunguo mzima bila kuonekana. Tena ile simu ya hadharani ina sharti lake: Mwende lazima awe na hakika kuwa anayezungumza naye ni Mutua, si mdukizi anayejifanya Mutua. Ili kuhakikisha hilo, wawili hao hutumia siri ndogo waliyopeana tangu awali. Kwa hivyo fizikia haiondoi haja ya kuaminiana. Huikuza siri iliyokuwapo.

Je, Kenya inunue mitambo hii? Maoni yangu ni kwamba bado. Hatari ipo, kwani tangu mwaka 1994 inajulikana kuwa tarakilishi ya kwanta yenye nguvu za kutosha itazifumbua fumbo nyingi zinazolinda benki na barua zetu, na mwizi mwenye subira aweza kuziweka leo akazifumbue baadaye. Lakini mnamo Agosti 2024 Marekani ilichapisha kanuni mpya za hesabu zilizokusudiwa kuhimili tarakilishi za aina hiyo, nazo hutumika katika mitambo tuliyo nayo. Tuzianzie hizo. Fedha za mitambo ya fotoni ningezipeleka kwenye maabara za fizikia za Kitui na Makueni, ambako nimewahi kuona darasa likigombania lenzi moja iliyopasuka.

Na maabara isipokuwapo, mwalimu asikate tamaa. Nilivua miwani yangu ya jua, ya ile aina inayochuja nuru kwa mwelekeo wake, nikamwomba yule binti wa dawati la nyuma aitazame nayo skrini ya kikokotoo chake huku akiizungusha polepole. Tarakimu zilififia, skrini ikawa nyeusi tititi, kisha zikarudi. Alirudia mara tatu. Halafu akampa jirani yake miwani, naye akampa wa tatu, na kengele ya chakula ilipolia hakuna aliyesimama. Miwani niliiacha hukohuko.