Dola 20 za Great Falls: Lipia Upande Upi?

Ukiishi Washington au vitongoji vyake na unataka kuwapeleka watoto mtoni Jumamosi, amua upande kabla ya kutoka nyumbani. Kwenye maporomoko ya Great Falls, mto Potomac unatenganisha Virginia na Maryland, na hapo hapana daraja la magari. Kuzunguka kutakula sehemu nzuri ya asubuhi yako.

Bei ya kuingia ni ile ile pande zote mbili: Dola 20 kwa gari na wote waliomo, Dola 10 kwa anayeingia kwa miguu au baiskeli, na walio chini ya miaka 16 bure. Watu wazima wanne katika gari moja wanatoa Dola 5 kila mmoja. Wakija na magari mawili, ni Dola 40. Pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa, Dola 80 kwa mkazi wa Marekani, inarudisha fedha yake safari ya nne. Na kama una mtoto wa darasa la nne, usinunue chochote kwanza: serikali humpa pasi ya bure inayoingiza gari zima.

Ukija na bibi wa kiti cha magurudumu, mimi nasema Virginia. Vituo viwili vya kutazamia maji vinafikika kwa kiti hicho. Karibu na vituo hivyo kuna mabaki ya mfereji wa kampuni aliyoiongoza George Washington, iliyoanzishwa 1785. Milango yake ya kupandisha na kushusha mashua ilifunguliwa 1802, na miongoni mwa waliofanya kazi ya mfereji huo walikuwamo watumwa waliokodishwa. Waelezeni watoto hilo pale pale, mbele ya mawe yenyewe.

Vijana wenye miguu imara wataipenda Maryland, kwa njia ya Billy Goat, sehemu A: maili 1.7 za kupanda miamba kwa mikono. Mbwa haruhusiwi. Kuogelea ni marufuku pande zote, na msilegeze hapo: mkondo umeua watu wengi.

Asiyetaka kulipa aende Riverbend, bustani ya kaunti ya Fairfax juu kidogo ya mto, upande wa Virginia. Kuingia ni bure, kuna kivuli na njia ya kando ya maji. Maporomoko hutayaona, lakini mkeka wenu utapata nafasi.