Vanga, mji mdogo wenye mambo makubwa
Ukitoka Lunga Lunga ukashika njia ya baharini, ukaipita Jego, utatokea Vanga, mji wa mwisho wa pwani ya Kenya kabla ya Tanzania. Hapa ndipo kwa Wavumba, na Kivumba chao kitakufanya utege sikio hata kama umezaliwa Mombasa.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi, mpaka wao waliuanzia mlangoni mwa mto Umba, papa hapa. Januari 1915 wakapigana Jasini, ng'ambo kidogo tu. Wajerumani walishinda, lakini kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, alipoteza maofisa na risasi nyingi mno, akaamua kuepuka mapigano makubwa. Vita vya kuviziana vikaendelea hadi Novemba 1918!

Siku hizi anayebisha hodi ni bahari. Kinga ni mikoko, ile ile iliyokuwa ikikatwa kwa boriti na kuni. Tangu 2019 wanavijiji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanailinda na kuuza hewa ya ukaa, wakifuata nyayo za jirani zao wa Gazi walioanza 2013. Msomaji, ukienda, ngojea maji yajae uone mashua zikipenya mikokoni.