Mgagaa na Upwa Hali Wali Mkavu: Mapishi ya Nyumbani Mtaani Kaloleni

Wahenga walinena kuwa mgagaa na upwa hali wali mkavu. Sisi wa Kaloleni hatuna upwa; bahari iko takriban kilomita 480 kutoka hapa. Lakini upwa wetu wa aina nyingine tunao: ni Barabara ya Jogoo, ni Soko la Burma la nyama, ni vibanda vya mama mboga vilivyoko kila kona. Anayejua kugaagaa hapo, hata akiwa na robo ya nyama na mafungu mawili ya mboga tu, ugali wake hauliwi mkavu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupika mchuzi na kuchoma nyama kwa vitu vibichi vya sokoni. Nasema haya kwa sababu wengi wetu tukitoka shule tunakimbilia chipsi. Chipsi siku moja moja hazina neno. Shida ni kwamba pesa za sahani tatu nne za chipsi zingetia kitoweo mezani kwa nyumba nzima, na anayezila kila siku hawezi kujifunza kupika. Mama asipokuwepo, au akiwa mgonjwa, nani atawapikia wadogo wako?

Mboga moja, majina mengi

Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, nyumba za chini zenye uwanja kati ya mstari na mstari. Watu waliofika Nairobi kutafuta kazi kutoka Nyanza, Magharibi, Murang'a na Ukambani walikuja na mapishi yao. Ndiyo maana ukifika kwa mama mboga utasikia mnavu ukiitwa managu na huyu, osuga na yule. Mgagani ni saga, Wajaluo huuita dek. Mrenda ni apoth. Kunde, terere, mitoo na majani ya malenge, yote utayakuta kando ya sukuma wiki, mboga iliyopewa jina hilo kwa sababu huisukuma wiki hadi mshahara ufike.

Mboga hizi zina tabia zake. Mnavu na mgagani ni chungu. Kina mama huzichemsha kidogo, humwaga maji ya kwanza, kisha huziunga kwa maziwa. Wengine huziacha zilale na maziwa usiku mmoja, na kesho yake uchungu umepungua na utamu umeingia. Mrenda huteleza wenyewe na hauhitaji mafuta mengi. Hupendeza ukichanganywa na kunde au mitoo.

Kuna wanaotia magadi ili mboga ilainike upesi. Ni kweli hulainisha, lakini magadi yakizidi huharibu vitamini. Tia chembe tu, au acha kabisa. Pia osha mboga kabla ya kuikata, wala si baadaye, kwa kuwa vitamini C huyeyuka na kwenda na maji. Ioshe kwa maji mengi safi, maana mboga nyingine jijini hulimwa kando ya mito michafu. Na usiogope kijiko cha mafuta: ile rangi ya kijani kibichi inaficha kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na bila mafuta hakifyonzwi vizuri.

Mchuzi ni mpangilio

Watu hudhani mchuzi mtamu ni wa mwenye pesa. La hasha! Mchuzi ni mpangilio: nini kinatangulia, nini kinafuata. Tuseme mko watu watano na mna robo kilo ya nyama yenye mifupa. Hakikisha imetoka kwenye bucha inayouza nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Tafuta pia vitunguu viwili, nyanya tatu, karoti mbili, viazi vinne, punje chache za kitunguu saumu na fungu la dania.

Kwanza, chemsha nyama na chumvi na maji kidogo hadi ilainike. Ng'ombe wetu wengi wametembea sana kabla ya kufika buchani, kwa hiyo nyama ni ngumu na haitaki haraka. Tena kumbuka kuwa Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mwalimu wa Fizikia atakueleza sababu. Ndiyo maana nyama na maharagwe hukawia kuiva kwetu kuliko Mombasa.

Pili, mimina supu kando na uihifadhi. Usiimwage! Rudisha nyama motoni na mafuta kidogo, uikaange hadi igeuke rangi ya kahawia. Hapa ndipo utamu unapozaliwa. Nyama ikiwa ndani ya maji haiwezi kupita joto la maji yanayochemka. Ikikauka ndipo inapopata joto la kuipa rangi na harufu ile inayowaita majirani.

Tatu, tia kitunguu na ukikoroge hadi kilainike. Kitunguu saumu kifuate, kwa kuwa kikitangulia huungua na kuwa kichungu. Kisha nyanya. Zikoroge hadi zivunjike na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Ukikimbiza hatua hii, mchuzi utabaki na uchachu wa nyanya mbichi, halafu utasikia mtu akisema eti lete ule unga wa pakiti. Huo unga aghalabu ni chumvi nyingi tu.

Nne, rudisha ile supu, tia viazi na karoti, funika, punguza moto. Viazi vikianza kuvunjika kando mchuzi utakuwa mzito wenyewe. Dania huja mwisho kabisa, ukishaepua sufuria, kwani harufu yake haivumilii moto mrefu. Basi, robo kilo imewatosha watu watano, kwa sababu ladha ya nyama imeingia katika kila kiazi.

Kuchoma bila oveni

Nyama ya kuchoma nayo si ya hotelini pekee. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoanza kuenea Kenya miaka ya 1980, hutengenezwa na mafundi wa jua kali hapa jirani Shauri Moyo. Udongo ule hushika joto na hupunguza makaa yanayotumika. Washa, ungoje hadi makaa yavae jivu jeupe. Moto wenye ndimi huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Weka mbavu za mbuzi juu ya wavu, nyunyizia maji ya chumvi, na usizigeuze kila dakika. Zikiiva, ziache dakika chache kabla ya kuzikata, au maji yake yote yataishia ubaoni. Kachumbari ya nyanya, kitunguu, dania na ndimu hukamilisha kazi. Tena ule uchachu husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika mboga.

Kuku au viazi vitamu unaweza kuvipika kwa njia ya watu wa pwani ya kupalia: sufuria nzito, mfuniko juu, makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko. Moto ukitoka pande mbili, oveni ya nini?

Onyo moja, wenzangu. Jiko la makaa libaki nje au mahali penye hewa. Usiliingize chumba cha kulala usiku wa baridi, kwa kuwa moshi wake mwingine hauonekani wala haunuki, na umeua watu wakiwa usingizini.

Si kazi ya wasichana tu

Wavulana, msijifiche nyuma ya gazeti. Tumbo halijui kama aliyepika ni mvulana au msichana. Jumamosi hii mwulize nyanya au mama yako anavyoutuliza uchungu wa mnavu, kisha ushike mwiko mwenyewe huku akikutazama. Elimu hii haimo katika kitabu cha darasani; imo mikononi mwa wazee wetu, na wao hawatakuwa nasi milele. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.