Bodi ya Kampuni ya Maji: Kazi Yake ni Kuuliza

Mfereji ukikauka wiki nzima, mkazi humlaumu fundi au meneja wa kampuni ya maji. Wachache hukumbuka kwamba juu ya meneja kuna bodi ya wakurugenzi, na kwamba kwa kawaida bodi hiyo ndiyo humwajiri, humpima na, ikibidi, humwachisha kazi.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za maji na usafi ni jukumu la kaunti. Sheria ya Maji ya 2016 inaipa kaunti uwezo wa kuunda kampuni ya kutoa huduma hiyo. Bodi haizibi mabomba wala haipangi zamu za mafundi. Mkurugenzi anayempigia fundi simu ili mtaa wake ufunguliwe maji kwanza anavuruga kazi ya meneja, hata akiwa na nia njema.

Kazi ya bodi ni kuuliza, kisha kurudi kuuliza tena. Chukua maji yasiyolipiwa: yale yaliyosafishwa na kusukumwa kwa gharama ya umeme, halafu yakavuja, yakaibwa au yakapitia mita mbovu. Kitaifa, yamekuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa, ilhali kiwango ambacho mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, hukubali hakizidi asilimia 25. Bodi inayokabidhiwa ripoti nene asubuhi ya kikao haitaliona pengo hilo. Itapitisha ripoti, ichukue posho na kwenda zake. Bodi iliyoisoma wiki moja mapema humuuliza meneja: upotevu umepungua kiasi gani tangu kikao kilichopita? Ni eneo gani linalovuja zaidi? Mita ngapi zimebadilishwa? Jibu huandikwa katika kumbukumbu za kikao, pamoja na atakayewajibika na tarehe ya mwisho.

Zabuni nazo ni mtihani. Sheria ya Kampuni ya 2015 inamtaka mkurugenzi mwenye maslahi katika mkataba ayatangaze. Kunyamaza kwa kuwa mwenye zabuni ni mshirika wake wa biashara si heshima, ni kosa.

Mkazi naye ana nafasi yake. WASREB huchapisha kila mwaka ripoti inayolinganisha kampuni za maji nchini, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni kabla ya bei mpya kuidhinishwa. Kwa yasiyomo katika ripoti hiyo, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia kuiandikia kampuni ya umma kuomba maelezo, na uamuzi kuhusu ombi lake unapaswa kutolewa ndani ya siku 21.