Kipima-maji cha tanki: mambo ya kufanya mbele ya kukiprogramu

Ndugu wanamemba wa koperative, kipima-maji kikidanganya, pompe itazunguka pasipo maji na kuungua, na kahawa iliyomenywa itakaa kuchacha kupita kiasi juu maji ya kuiosha hayako. Basi tusikimbilie kufinya vibuti. Tutayarishe kwanza.

1. Pompe itoke kwanza kwenye otomatiki, isije ikajiwasha yenyewe.

2. Someni kibao cha chombo. Vipima-maji vingi vya nyaya mbili vinatumia volti 24 za umeme wa batri. Kama kibao kinaomba 24, batri mbili za volti 12 zinafungwa kwa kufuatana. Mupime volti, muzime, kisha mufunge waya wa + kwa +, na wa – kwa –.

3. Washeni, mungoje namba zitulie. Kama chombo ni cha miliampea 4 hadi 20, 4 ni tanki tupu, 12 ni nusu, 20 ni kujaa. Mukiona 0, waya umekatika ao umeme haufiki.

4. Chombo cha rada hakipimi maji yenyewe. Kinapima nafasi toka kwake mpaka kwenye maji. Kwa hiyo mupime kwa mita: toka chombo hadi chini ya tanki, tuseme sentimeta 300, toka chombo hadi maji yakijaa, tuseme 40. Tupu ni 300, kujaa ni 40. Mukizigeuza, tanki tupu litaonekana limejaa.

Andikeni namba hizo mbili katika daftari la koperative. Sasa muko tayari kuprogramu.