Kitanda Hakizai Haramu

Ndugu msikilizaji, wahenga waliposema kitanda hakizai haramu walikuwa wanakata ugomvi. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye kitanda, basi. Lakini ugomvi wenyewe ulianzia wapi hata ukahitaji methali?

Wataalamu wa viumbe wanatupeleka porini. Mama hana shaka kwamba mtoto ni wake, maana alimbeba tumboni. Baba hana ushahidi huo. Mnyama dume akilea mtoto wa mwenzake, nguvu zake zimekuza uzao wa mwingine. Kwa hiyo madume waliowalinda majike wao waliacha watoto wengi zaidi, na watoto wakairithi tabia hiyo. Wataalamu wengi wanaona huo ndio mzizi wa wivu wa mwanamume. Wivu wa mwanamke, wanasema, hutokana zaidi na hofu kwamba matunzo ya watoto wake yatahamia nyumba nyingine.

Tazama simba wa Serengeti. Madume wageni wakiteka kundi, mara nyingi huua watoto wachanga wanaowakuta. Jike aliyeacha kunyonyesha hupata joto mapema, nao madume hao hupata watoto wao wenyewe. Ni ukatili wenye hesabu.

Nyani wa Amboseli, nchini Kenya, wana hesabu nyingine. Jike hupandwa na madume kadhaa, ungedhani hakuna dume anayemjua mwanawe. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2003, kwa kutumia vipimo vya vinasaba, ulionyesha kwamba nyani wadogo wakigombana, dume huwatetea watoto wake wa damu zaidi kuliko wa wenzake.

Je, sisi binadamu? Uchunguzi wa vinasaba katika Ulaya Magharibi umekuta kwamba watoto wasio wa damu ya mume ni kama 1 au 2 tu kati ya 100. Shaka za waume, basi, huenda zinazidi ukweli. Kwa Wahimba, wafugaji wa kaskazini magharibi mwa Namibia, utafiti wa mwaka 2020 ulikuta watoto hao ni 48 kati ya kila 100 waliozaliwa ndani ya ndoa. Waume wengi walikuwa wanajua. Hata hivyo, kwa mila yao, mume ndiye baba, na mtoto hupata jina na nafasi yake nyumbani.

Ndugu msikilizaji, damu ni ile ile ya binadamu, ila mila zimeielekeza njia tofauti. Elimu hii inaeleza wivu ulikotoka. Haimpi mtu ruhusa ya kumpiga mkewe, wala ya kumfukuza mtoto ambaye hakuchagua azaliwe na nani. Leo maabara inaweza kumtaja aliyezaa. Aliyekesha na mtoto mwenye homa anajulikana na mtoto mwenyewe.